Tugeuze Nakala, Tusiguse Asili



Mmoja wenu alirudi kutoka Bukavu na kile kifaa cha michezo cha mkononi kiitwacho PSP, ambacho kampuni ya Sony ilikitoa kwanza huko Japani mwaka 2004. Kimepita mikono mingi kabla ya kufika Kabambare, na kioo chake kina mikwaruzo, lakini kinafanya kazi. Mwezi mzima mlikizunguka baada ya mazoezi ya kwaya. Wazee wawili waliniomba nikipige marufuku. Nilikataa, na bado nakataa. Kijana anayehangaika usiku kucha ili filamu ikubali kuonekana katika chombo kisichoitaka amejifunza subira ambayo mimi sikuweza kumfundisha kwa chaki.

Maana chombo hicho kina matakwa yake. Faili nyingi za AVI huzikataa, hupenda MP4. Baadhi yenu mlidhani yatosha kubadili herufi za mwisho wa jina, mkashangaa kuona kioo cheusi. Jina ni maandishi tu juu ya gunia: ukiandika "mchele" juu ya gunia la muhogo, hutapika wali. Kugeuza kwenyewe ni kufungua kila picha na kuifunga upya, na saa moja ya video yenye picha 25 kwa sekunde ina picha 90,000. Ndiyo sababu kompyuta dhaifu, inayotegemea betri na paneli ya jua, hukesha kwa filamu moja.

Hadi hapo sina neno. Neno langu ni juu ya kile tulichofanya baadaye, nami nilikuwamo.

Mtakumbuka kwamba tulimrekodi kwa simu bibi mmoja wa hapa kwetu, akisimulia jinsi walivyokimbilia msituni mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba. Faili ilikuwa kubwa. Tuliigeuza iingie katika PSP, ili kila mmoja aitazame kwa zamu yake. Kadi ya simu ilipojaa, mimi, mwalimu wenu, nikasema: "Futeni ile kubwa, hii inatosha."

Haikutosha. Picha ya simu ilikuwa na nukta 1280 kwa 720. Kioo cha PSP kina nukta 480 kwa 272. Pigeni hesabu: katika kila nukta saba tulibakiza moja. Katika kioo kidogo hatukugundua lolote. Bibi alipofariki, ukoo wake uliomba kuyaona masimulizi hayo katika televisheni siku ya kumaliza matanga, na uso wake ukatokea kama wa mtu aliye nyuma ya mvua. Mjukuu akaniuliza kama yaweza kurudishwa yalivyokuwa. Hayawezi. Programu itaikuza picha hadi ukubwa wa kwanza, lakini itajaza nafasi kwa kukisia tu. Baya zaidi, bibi alikuwa akichora njia mavumbini kwa kijiti, kuelekea mto Luama. Sauti imebaki, michoro haionekani. Anasema "hapa", nasi hatujui hapa ni wapi.

Na kadi ile ilijazwa na nini? Filamu za mapigano, ambazo mtu huzipata katika soko lolote kutoka Kasongo hadi Kindu. Hizo ndizo zilizopaswa kufutwa.

Kwa hiyo naomba kikundi kinunue kadi mbili kwa fedha za mfuko wetu. Asili ikae katika zote mbili, kila kadi katika nyumba yake, na kinachogeuzwa kiwe nakala. Anayetaka kufuta kitu aulize kwanza, hata kama ni mimi.

Yupo mzee mmoja aliyekuwa msituni pamoja na bibi, naye bado anaikumbuka njia. Tutamwendea Jumapili, baada ya ibada. Mwenye simu nzuri aje nayo, ikiwa imejaa moto, na nafasi iwepo.