Korti ilikuachilia, alama za vidole je?

Ulishikwa kwenye maandamano ya Juni 2024, ukachukuliwa alama za vidole, kisha korti ikakuachilia huru. Ukadhani mambo yameisha. Sasa umepata kazi, mwajiri anataka cheti cha maadili mema, na moyo unaanza kudunda.

Usingoje hadi hapo. Sheria ya polisi inasema asiyewahi kuhukumiwa akiachiliwa na korti, rekodi za vidole vyake ziharibiwe au akabidhiwe. Lakini ukikaa tu, nani atakukumbuka? Nenda masjala ya korti hiyo, itisha nakala rasmi ya uamuzi, uipeleke DCI, Kiambu Road.

Hata hivyo, huo mzigo si wako. Waliochukua alama ndio wanafaa kuzifuta, bila wewe kuwabembeleza.