MUHURI JUU YA MUHURI



Sisi makarani wa Dodoma tumenyamaza siku nyingi juu ya jambo tulionalo kila juma mezani petu. Sasa twaona ya kuwa kunyamaza ni kosa.

Tuseme mjane wa Kondoa amefiwa na mumewe aliyekuwa akifanya kazi Oman. Mahakama imempa hati ya kusimamia mirathi, ina sahihi na muhuri. Je, yatosha kule? Haitoshi. Kwanza itafsiriwe, maana tangu sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu. Kisha wakubwa wa mahakama waishuhudie sahihi ya hakimu. Wizara ya Mambo ya Nje iushuhudie muhuri wa mahakama. Ubalozi nao uushuhudie muhuri wa Wizara. Tena balozi nyingi zingali Dar es Salaam, mwendo wa kilomita kama 450. Nauli, malazi na ada hulipa nani? Mjane. Na watoto hungoja.

Na mihuri yote hiyo yasema nini? Hakuna hata mmoja usemao kama hukumu ni ya haki. Kila mmoja washuhudia ule uliotangulia, basi.

Dawa ipo. Kwa mapatano ya The Hague ya tarehe 5 Oktoba 1961, nchi zilizomo hupokeleana hati kwa cheti kimoja kiitwacho apostili, bila kupita ubalozini. Malawi imo tangu zamani. Mapatano hayo yalianza kutumika Oman mwaka 2012, Burundi mwaka 2015 na Rwanda mwaka 2024. Mwaka 2024 ulikwisha, Tanzania haimo.

Watasema waghushi watapata mlango. Sivyo. Kila apostili ina namba, nayo huandikwa katika daftari la ofisi iliyoitoa. Mwenye shaka huuliza, akajibiwa. Watasema ada itapotea. Nchi itoayo cheti yaweza kutoza ada yake. Ipoteayo ni ile ya ubalozi wa wengine.

Kwa hiyo twaomba Chama kilipeleke neno hili Serikalini, kwa adabu lakini bila kuchoka. Nasi tusingoje. Asiondoke mtu mezani petu kwa neno la "nenda, urudi kesho," bali aandikiwe karatasi: aanzie wapi, amalizie wapi, achukue nini. Kuandika karatasi hiyo hakuhitaji mapatano ya nchi yo yote.