Ng'ombe Hawamo Kwenye Taarifa ya Benki

Tangazo limekuwa likizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya Bariadi tangu pamba ianze kununuliwa. Safari ya meli ya kitalii, usiku saba: Barcelona, Marseille, Genoa, Tunis, kisha Barcelona tena. Njooni kama kikundi mpate punguzo. Weka nafasi yako kwa Sh1,000,000. Chini yake kuna orodha ya maandalizi: nguo ya kuogelea, vidonge vya kichefuchefu, gauni la usiku wa nahodha.

Sina ugomvi na gauni. Wala simo miongoni mwa wanaouliza mkulima wa Itilima au mwalimu wa Maswa anatafuta nini kwenye bahari ya Ulaya. Ana haki ya kwenda kukaa tu juu ya meli, asisome kozi, asihudhurie semina, asimtembelee mtu. Ugomvi wangu ni na mpangilio: pesa kwanza, nguo pili, karatasi "tutasaidiana mbele ya safari". Orodha hiyo imenakiliwa kutoka kwa watu ambao pasipoti zao zimelala kwenye droo miaka yote.

Kwetu maandalizi huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa, na si chako peke yako. Ofisi ya uhamiaji inataka pia cha mzazi, au kiapo mahali pake. Bibi aliyezaliwa machungani huko Meatu hana cheti, kwa hiyo binti yake anaanza kutafuta kiapo. Ongeza kitambulisho cha NIDA, ada ya Sh150,000, na ushahidi wa safari. Hapo ndipo wakala hupenya: lipa milioni, nikupe ushahidi. Barua ya kueleza safari ya kikundi haigharimu milioni.

Kisha viza. Ada ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Mwombaji wa mara ya kwanza lazima atoe alama za vidole mwenyewe, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bariadi. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Na Tunis haimo Schengen: meli ikitia nanga pale umeshatoka, kwa hiyo unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja ili urudi Barcelona. Tangazo halikugusia hilo hata kidogo.

Lakini kinachoniuma hasa ni taarifa ya benki. Ofisa wa viza anataka kuona miezi kadhaa ya akaunti yako, mshahara ukiingia, salio likitulia. Simiyu inaishi kwa pamba. Pesa huja kwa mkupuo, kuanzia Mei au Juni, na haikai. Inageuka ada za shule, bati, na zaidi ya yote ng'ombe. Mtu mwenye ng'ombe arobaini ni tajiri mbele ya kijiji kizima, lakini mbele ya dirisha la viza ni mtu mwenye Sh86,000. Tena kikundi kikimwekea fedha za safari kwa siku moja, ofisa anaona mlima uliochomoza ghafla na kuuliza ulitoka wapi. Dawa yake ipo, ila inaanza mwaka mzima kabla: uuze wachache mnadani mapema, utunze stakabadhi, upitishe malipo ya pamba benki na uyaache yaonekane. Hayo ndiyo maandalizi. Nguo ya kuogelea utainunua hata siku ya mwisho.

Neno "kikundi" nalo linadanganya. Kikoba kinachanga pamoja, lakini viza inaamuliwa kwa kichwa kimoja kimoja. Kabini huuzwa kwa watu wawili. Mwenzako akinyimwa, kampuni nyingi za meli humtoza aliyebaki nyongeza ya kulala peke yake, wakati mwingine karibu nauli nzima ya pili. Na meli haina subira. Machi 2024 Norwegian Dawn iliwaacha abiria wanane São Tomé baada ya kuchelewa kurudi kutoka matembezini, wakalazimika kuvuka nchi kadhaa kuifukuzia. Walikuwa Wamarekani na Waaustralia. Fikiria kuifukuzia meli ukiwa na pasipoti yetu na viza ambayo muda wake wa kuingia umeshatumika.

Mama yangu mdogo, ambaye tangu MV Bukoba izame mwaka 1996 hapendi hata kivuko, aliuliza swali moja kwenye kikao cha kikoba chake: tukinyimwa viza, milioni zetu zinarudi? Akaambiwa anawaletea wenzake mikosi. Wenye aibu wakalipa siku ileile.

Swali lake bado liko mezani, na wakala alijibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, kabla mhazini hajatuma senti nyingine. Kiasi gani kinarudi, ndani ya siku ngapi, na kwa akaunti ya nani. Viza ni ya kuingia mara ngapi. Na Mama Neema akinyimwa na Mama Kulwa akapata, kitanda cha Mama Neema atakilipa nani?