Chanjo haitibu kwato: Ng'ombe akichechemea, mtazame mdomo kwanza

Tangu serikali ya Kenya itangaze mwishoni mwa 2024 mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, ugonjwa wa miguu na midomo haujaisha kuzungumzwa. Wanasiasa walizozana, uvumi ukazagaa mitandaoni. Sasa mfugaji wa Kiambu au Nyeri akiona ng'ombe wake anachechemea, la kwanza kumjia akilini ni hilo hilo.

Lakini kwa ng'ombe wa maziwa anayefugwa ndani, mara nyingi shida iko pale anaposimama: sakafu ngumu ya simiti, mavi na matope, kwato zilizorefuka bila kukatwa. Chakula nacho kimo. Ukimzidishia nafaka ili maziwa yaongezeke, tumbo linajaa asidi, na kwato huonyesha madhara wiki kadhaa baadaye, wakati ushasahau ulimlisha nini.

Kwa hivyo anza na mdomo. Mwenye ugonjwa wa miguu na midomo huwa na homa, hudondokwa na mate, na hutoka malengelenge kwenye ulimi, fizi, chuchu na katikati ya kwato. Tena huwa si mmoja, unasambaa haraka. Ukiona hayo, mwite afisa wa mifugo na usipeleke mnyama yeyote sokoni.

Kama ni mmoja tu na mdomo ni safi, mtembeze mahali pakavu na pagumu, utazame mgongo. Ukinyooka akisimama lakini ukapinda akitembea, hiyo ni dalili ya mapema ambayo wengi huipuuza. Ukipinda hata akiwa amesimama, jua hali imezidi. Akiinua kichwa kila anapokanyaga, chunguza miguu ya mbele. Ila wengi huumia nyuma, hasa ukwato wa nje.

Sasa inua mguu, uoshe, uangalie. Uvimbe na harufu mbaya katikati ya kwato ni kuoza kwa kwato, na antibayotiki husaidia. Kidonda kwenye unyayo ni jambo jingine kabisa: kinataka kwato zikatwe vizuri, na ukwato mzima ubandikwe kibao ili ule unaouma upumzike.

Hapa ndipo pesa zinapopotea. Mazoea ni kukimbilia sindano dukani bila hata kuinua mguu. Kidonda hakiponi, na maziwa ya siku kadhaa yanapaswa kumwagwa kwa sababu ya mabaki ya dawa. Wengine hawamwagi, wanauza, nasi tunakunywa.

Mkata kwato anayeijua kazi yake si rahisi kumpata kijijini. Ukimpata, chukua namba yake, mwite mara mbili kwa mwaka, hata kama hakuna ng'ombe anayechechemea.