Kutazama na Kuona

Iko fahari moja iliyoenea siku hizi miongoni mwa vijana wetu, nami nataka kuipinga waziwazi. Ni fahari ya mtu aliyefika mji mkubwa wa Ulaya, au atamaniye kufika, akadhani kwamba kufika kwenyewe ni elimu. Hurudi na picha mia za nafsi yake, amesimama mbele ya kila lango na kila mnara. Na tangu siku hiyo kwao humwonekea padogo. Nasema mtu huyo alisafirisha kiwiliwili chake tu.

Msomaji wangu, sikukatazi kwenda. Wahenga walisema tembea uone, nao walisema kweli. Tena nasema, ukijaliwa nauli ya halali nenda peke yako. Aliye katika kundi hutazama aonyeshwalo na kiongozi, akaondoka kiongozi aondokapo. Aliye peke yake hana budi kuuliza njia, kusoma majina ya barabara, kupotea na kujirudi. Walakini upweke nao haumfai asiyejua atafutalo.

Tuchukue mfano wa Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Katika nyumba moja ya makumbusho mjini humo kimesimamishwa kiunzi cha mifupa ya mnyama wa kale, ambaye kimo chake chapita mita 13. Msafiri wetu huinua shingo, hustaajabu, hupiga picha, akaenda zake. Hajui kuwa mifupa ile ilichimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, wala kuwa wapagazi wa nchi ile waliibeba kwa miguu mpaka pwani. Katika mtaa wa Wedding hupita barabara iliyopewa jina la Maji Maji mwaka 2024. Kabla ya hapo iliitwa kwa jina la Peters, nalo iliwekewa mwaka 1939 ili kumtukuza Carl Peters, aliyewatenda ukatili watu wa Afrika Mashariki. Asiyesoma habari za vita vya 1905 hata 1907 huona kibao tu.

Na katika barabara ya Brunnenstraße kuna kijiwe chenye uso wa shaba, kadiri ya kiganja, kilichopachikwa katika njia ya waendao kwa miguu. Ni ukumbusho wa Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana pia kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akahamia Berlin mwaka 1929, akatumika hotelini, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu. Utawala wa Hitler ulimfunga mwaka 1941, akafa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Ni mtu wa pwani yetu, msemaji wa lugha yetu, na kijana wetu huliruka jina lake kwa kuwa macho yake yanautafuta mnara.

Mfikirie sasa msafiri wa namna nyingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari aliondoka Bagamoyo akafika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Hakuna kundi lililompokea, na rangi yake ilimletea dharau za wanafunzi hata akaiacha kazi mwaka 1905. Alipojaribu kurudi kwao pamoja na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka. Alirejea Ujerumani, akafa Berlin mwaka 1927. Mtu huyu, akiwa katikati ya mji ule mkuu, aliandika nini? Aliandika desturi za Waswahili, nazo zilitolewa kitabu mwaka 1903, nasi twazisoma hata leo. Ugeni haukumpumbaza, kwa sababu alikuwa na mali yake moyoni kabla ya kupanda meli.

Najua nitakavyojibiwa. Watasema, mwalimu huyu wa Shika Adabu amekosa nauli. Ni sungura aliyeshindwa kuzifikia ndizi, akasema ni mbichi. Vyema. Tuiache Ulaya, tuyapime macho yetu hapa hapa. Kutoka Shika Adabu hata Mtongwe si mbali. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ilipinduka pale, wakafa maji watu 272. Niliuliza darasa moja ni nani aijuaye habari hiyo. Mikono mitatu iliinuka. Nikauliza majina ya timu za kandanda za London. Darasa likageuka soko. Nao wanafunzi hao huvuka mlango wa Kilindini kila wiki, na huenda wengine wao wana babu au shangazi aliyebaki ndani ya maji hayo.

Sikuwalaumu kwa kuipenda kandanda. Lakini kijana asiyeuliza ni nani waliokufa Mtongwe hatainama Berlin kusoma jina la Mahjub. Macho ni yale yale, nauli haiyabadili. Jina la mahali petu latosha kuwa wosia, maana macho nayo yana adabu yake. Kupita penye msiba wa watu bila kuuliza ni utovu wa adabu, uwe ugenini au kwenu.

Basi, ewe kijana, usingoje pasipoti. Jumamosi hii nenda peke yako, pasipo rafiki wala simu mkononi, kwa mzee mmoja wa Mtongwe. Mwamkie, keti chini, mwulize alikuwa wapi asubuhi ile, kisha uandike jibu lake kwa Kiswahili safi. Ukirudi na ukurasa mmoja wa kweli, utakuwa umeanza safari. Na siku utakayoteremka Ulaya utajua la kutafuta.