Maana ya Maneno ya Taarifa za Bei ya Jumla



Karatasi nyingi zimekwisha kukufundisha namna ya kupanda, kupalilia, kutia mbolea na kuzuia wadudu. Mafunzo hayo ni mema. Lakini karatasi hii yahusu kazi ifuatayo mavuno, kazi isiyotoa jasho na kwa sababu hiyo hudharauliwa, nayo ni kazi ya kusoma taarifa ya bei na kuielewa. Rai yangu ni hii: taabu ya miezi minne shambani yaweza kupotea katika mapatano ya robo saa, na mara nyingi kinachoipoteza ni neno moja tu, ambalo mwenye mazao amelipokea kwa maana moja na mnunuzi amelitumia kwa maana nyingine.

Nchi yetu ya Mbozi imezoea kahawa na mahindi. Mazao hayo yakikaushwa vema huweza kungoja. Mtu asiyeridhika na bei ya leo huyaweka akiba hata mwezi ujao. Nyanya iliyoiva haingoji, wala kabichi, wala parachichi lililokwisha kuchumwa. Viazi hungoja kidogo, kisha huchipua au huoza. Basi mwenye mazao mabichi hana nafasi ya kujifunza maana ya maneno wakati lori limekwisha kusimama kando ya shamba na injini yanguruma. Sharti ajifunze mapema.

Habari za bei humfikia mkulima kwa njia mbili. Ya kwanza ni taarifa ya Wizara ya Viwanda na Biashara, ambayo kwa miaka mingi imeonyesha bei za jumla za vyakula vikuu, mkoa kwa mkoa, kwa shilingi kwa kila kilo 100, ikitaja bei ya chini na bei ya juu. Viazi mviringo vimo katika orodha hiyo pamoja na mahindi, mchele na maharage. Njia ya pili, ambayo mtu wa nyanya na kabichi huitegemea zaidi, ni simu: ndugu au dalali aliye Mbeya, Tunduma au Dar es Salaam husema, "Huku gunia linakwenda elfu themanini." Njia zote mbili zina faida, na zote mbili zaweza kumpotosha asiyejua kuuliza. Maswali ya kuuliza ni manne: bei ya mahali gani, ya kipimo gani, ya daraja gani, na ya siku gani?

Kwanza, mahali. Bei ya jumla ni bei ya mzigo mkubwa uuzwao ndani ya soko la mjini kwa wachuuzi. Bei ya rejareja ni ile anayolipa mwenye kununua fungu au kilo moja ya kupika nyumbani. Bei ya shambani ni ile inayofika mkononi mwako. Bei hizi ni tatu, wala si moja. Hata Dar es Salaam si soko moja, maana bei ya Ilala yaweza kuwa mbali na bei ya Temeke siku ile ile.

Nitatoa mfano wa hesabu. Tarakimu zake ni za kufundishia tu, si bei za soko la leo. Tuseme viazi vyauzwa Dar es Salaam kwa bei ya jumla ya shilingi 80,000 kwa kilo 100. Kutoka Igamba mzigo sharti ufike kwanza Mlowo kwenye barabara kuu, kisha usafiri zaidi ya kilometa 800. Tuseme nauli ni shilingi 12,000. Gunia na kushona 2,000. Kupakia na kushusha 3,000. Ushuru na haki ya dalali 6,000. Na kilo 5 zilizooza njiani ni 4,000. Jumla ya gharama ni shilingi 27,000, na kilichobaki ni 53,000. Basi mnunuzi akija Igamba na kukupa shilingi 50,000 kwa kilo 100, hakukuibia; shilingi 3,000 ni ujira wake. Akikupa 35,000, hapo una neno la kumwambia, na unalo kwa hesabu, si kwa hasira. Mkulima asiyeijua hesabu hii humkataa mnunuzi wa haki kwa sababu amesikia elfu themanini kwenye simu, na baada ya siku chache huuza kwa yeyote apitaye, kwa bei yoyote, kwa kuwa viazi vimeanza kulainika.

Pili, kipimo, na hapa ndipo penye jeraha letu kubwa. Neno gunia si kipimo. Gunia ni chombo. Tenga la nyanya nalo ni chombo, na matenga hayalingani. Wazee wa pwani walipopima kwa pishi, kila mtu alijua kuwa pishi moja ni vibaba vinne. Lakini ni nani awezaye kusema lumbesa moja ni kilo ngapi? Ni kilo 120, au 130, au zaidi, kadiri ya nguvu za mshonaji na urefu wa kilemba alichokiongeza juu. Turudi kwenye mfano wetu. Mnunuzi amesema shilingi 50,000 kwa gunia, nawe umekubali kwa sababu umepiga hesabu na kuona ni haki. Lakini gunia lake ni lumbesa ya kilo 130. Sasa hukulipwa shilingi 500 kwa kilo. Umelipwa chini ya 385. Umetoa bure kilo 30 katika kila gunia, na katika magunia 10 ni kilo 300, yaani shilingi 150,000 kwa bei ile ile mliyopatana. Hiyo ni fedha ya mbolea. Bei haikubadilika hata kidogo. Lililobadilika ni maana ya neno gunia.

Tatu, daraja. Taarifa ikitaja bei ya juu, kwa kawaida ni bei ya mali iliyochaguliwa: iliyolingana ukubwa, isiyo na mikwaruzo, iliyofungwa vizuri. Ukichanganya viazi vikubwa na vidogo katika gunia moja, usijilinganishe na bei ya juu. Wenye parachichi za Hass wajihadhari zaidi, maana katika biashara ya Ulaya matunda hupangwa kwa namba, na namba ile ni hesabu ya matunda yaingiayo katika katoni ya kilo 4. Kwa hiyo namba 14 ni matunda makubwa, na namba 24 ni matunda madogo. Mtu asiyejua hufurahi aambiwapo kwamba mali yake ni namba kubwa, kumbe ameambiwa kwamba matunda yake ni madogo.

Nne, siku. Tazama tarehe kabla ya kutazama bei. Bei ya nyanya ya Jumatatu yaweza kuwa imekwisha kufa Alhamisi, hasa malori mengi yakiingia sokoni kwa pamoja. Tena yako maneno yaelezayo hali ya soko, nayo hudanganya masikio. Mtu akisema bei imetulia, maana yake haikupanda wala kushuka. Hakusema kuwa ni bei nzuri. Bei yaweza kutulia ikiwa chini kabisa. Akisema soko limesimama, muulize kama bei ndiyo iliyosimama, au wanunuzi ndio hawapo. Mambo hayo ni mawili. Akisema mzigo umelala, ujue kuwa mali ya jana haijauzwa, na mali yako itashindana nayo kesho. Neno hilo moja latosha kukuonya usichume leo, kama tunda laweza kungoja mtini.

Limebaki neno ambalo naliona kuwa hatari kuliko yote, nalo ni wastani. Watu hupenda kuchukua bei ya chini na bei ya juu, kuzijumlisha na kugawa kwa mbili. Tuseme sokoni yameuzwa magunia 100 ya kilo 100. Magunia 98 yameuzwa kwa shilingi 70,000, na 2 yaliyochaguliwa sana yameuzwa kwa 100,000. Bei ya chini ni 70,000, ya juu ni 100,000, na mgawanyaji atakuambia wastani ni 85,000. Lakini hapana hata mtu mmoja aliyepata 85,000! Bei yenye manufaa kwako ni ile iliyotawala, yaani bei ambayo mali nyingi zaidi iliuzwa. Huko Marekani, serikali ilianza kutoa habari za bei za masoko ya mazao mabichi mwaka 1915, kwa matunda ya stroberi ya Hammond, Louisiana. Na katika taarifa zao bei iliyotawala hupewa neno lake peke yake, mbali na bei za wachache waliopata zaidi au waliopata pungufu. Naona nasi tungefanya vivyo hivyo. Mwenye kuandika taarifa ya bei asiishie kwenye chini na juu. Aandike pia bei ya walio wengi, na kila mara ataje kilo, daraja na tarehe. Taarifa isemayo gunia bila kutaja kilo haimwambii mkulima kitu.

Najua wako watakaonijibu hivi: "Maneno yako ni kweli, lakini mnunuzi akikataa mizani tutafanya nini? Akiondoka, nyanya zitaoza, naye atakwenda kijiji cha pili." Jibu hilo lina uzito, nami silipuuzi. Mtu mmoja mwenye matenga sita hawezi kumlazimisha mwenye lori. Lakini mambo matatu yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, sheria iko upande wetu. Kanuni za vipimo za Tanzania zimeweka kwamba mazao ya shamba yasifungwe zaidi ya kilo 100, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi ya kuzisimamia. Anayekataa lumbesa haleti ukaidi, anashika sheria. La pili, lori halijazwi na mtu mmoja. Mnunuzi aliyetoka mbali hutaka kuondoka na mzigo kamili, na wenye mzigo huo ni majirani 10 au 15. Wakikusanya mali mahali pamoja, kwenye mizani moja iliyokaguliwa, na wote wakataja bei kwa kilo, mnunuzi atafikiri mara mbili kabla ya kugeuza lori tupu. Lakini jirani mmoja akikubali lumbesa nyuma ya nyumba usiku, amewavunja wote. La tatu, hata siku ile utakapolazimika kuuza kwa lumbesa, pima kwanza, uandike. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Andika tarehe, kilo, daraja, bei na gharama. Baada ya misimu miwili daftari lako litakuwa taarifa ya soko iliyo bora kwako kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa ni ya shamba lako na njia yako.

Wenye zamu katika ofisi ya kijiji nao wanaweza kusaidia kwa kazi ndogo: kila siku ya gulio wabandike ubaoni bei za karibuni, kwa maandishi makubwa, zikiwa zimegeuzwa kuwa shilingi kwa kilo moja. Na bei zitokazo upande wa Zambia, zihesabiwazo kwa kwacha, zigeuzwe shilingi kwanza, ndipo zilinganishwe. Kazi hiyo yataka chaki na mtu mwenye kujua kugawanya.

Sidai kwamba kujua maneno kutapandisha bei. Mvua, njia mbaya na wingi wa mali vina nguvu kuliko maneno. Lakini kati ya bei ya mjini na mkono wako pana hatua nyingi, na mtu asiyezijua majina yake hawezi kujua ni hatua ipi iliyomla. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Basi lori lijalo likifika Igamba, kabla hujasema ndiyo au siyo, uliza: mahali gani, kilo ngapi, daraja gani, siku gani? Ukiisha kujibiwa yote manne, ndipo upatane bei.