Beni nayo ipewe heshima yake

Tukisifu bendi za kutembea, tusiishie kwenye zile za polisi na jeshi. Beni ya Unguja ni muziki wa barabarani hasa! Tarumbeta na tromboni zinalia, ngoma zinajibu, na akina mama waliovaa sare wanaitikia huku wakicheza kwa mwendo. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe sauti hugonga kuta za mawe ikakufika kifuani kabla hujawaona wapigaji. Na si mambo ya juzi: enzi za ukoloni vyama vya beni vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, vyeo na gwaride, pwani hadi bara. Mnaoandaa harusi, achaneni na spika za kukodi. Iteni beni, na wapigaji muwalipe vizuri.